Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Jina Katika Lugha za Ulaya, kwa Mfano wa Yohana

Sean, Ivan, Hans na Giovanni ni jina moja. Ukiyapanga kwenye mstari mmoja utaona kwamba herufi zinazopatikana katika yote manne ni mbili tu, a na n, na hizo ndizo mabaki ya neno la Kiebrania lenye maana ya kufanya fadhili. Anayetaka kujua jina la Kizungu limetoka wapi ana kazi moja: kulirudisha nyuma hatua kwa hatua, umbo kwa umbo, mpaka afike kwenye neno lililokuwa bado na maana kinywani mwa watu. Akiruka hatua moja, atabisha hodi nyumba ya jirani.

Mwongozo huu unatumia Yohana kwa sababu jina hili limeenea kutoka Iceland hadi Ugiriki, na njiani limepata karibu kila aina ya badiliko utakalolikuta kwenye majina mengine. Tena msomaji wa Kiswahili analo tayari kwa sura kadhaa: Yohana kwa Waprotestanti, Yohane kwa Wakatoliki, Yahya kwa Waislamu, na Jean kwa jirani zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi.

Andika mambo manne kwenye kadi kabla ya kufungua kamusi

Umbo kamili la jina pamoja na alama zake zote, nchi na lugha ya mwenye jina, mwaka, na kama ni mwanamume au mwanamke. Watu wengi huandika umbo peke yake, na hapo ndipo kazi inapoharibika mapema.

Tazama Jean. Ufaransa ni mwanamume, ni Yohana. Uskoti na Uingereza ni jina la kike. Joan kwa Kiingereza ni mwanamke, lakini kwa Kikatalani ni mwanamume, kama mchoraji Joan Miró. Jan wa Uholanzi, Poland au Ucheki ni mwanamume. Jan wa Uingereza mara nyingi ni mwanamke aliyefupishiwa Janet au Janice. Hanna wa Ujerumani ni mwanamke, ilhali Hanna wa Wakristo wa Lebanoni na Syria ni mwanamume, na ndiye Yohana mwenyewe kwa Kiarabu cha huko.

Linalowapoteza wengi zaidi ni Jonas. Ujerumani na Sweden Jonas ni nabii Yona, na maana yake ni njiwa. Lithuania Jonas ni Yohana. Herufi ni zilezile tano, asili ni mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni jina la nchi ulilolikumbuka au kulisahau kwenye kadi yako.

Alama nazo usiziache. Jón wa Iceland, Jānis wa Latvia, János wa Hungaria na João wa Ureno ukiziandika bila alama, utafutaji wako utakuletea vitu vingine.

Tambua jina ni la tabaka gani

Majina ya Ulaya yana matabaka machache makubwa, na kila tabaka lina namna yake ya kujenga maana. Majina ya Kiebrania mara nyingi ni sentensi nzima inayomtaja Mungu: utaona Yo- au Je- mwanzoni, au -el na -ia mwishoni. Ya Kigiriki huunganisha maneno mawili, kama Nikolaos, ushindi na watu. Ya Kijerumani cha kale nayo huunganisha mawili, kama Heinrich, nyumbani na mtawala, lakini mara nyingi mawili hayo hayakukusudiwa kuleta sentensi. Wazazi walichukua kipande kwa baba na kipande kwa mama. Ya Kislavi utayajua kwa -slav na -mir.

Ukikosea tabaka, kila kinachofuata kitakosewa. Yvonne hufanana na Ivan, na watu huona ni Ivan wa kike. La. Yvonne ni wa kike wa Yves, tabaka la Kijerumani, kutoka neno la mti uitwao yew kwa Kiingereza, ule ambao mbao zake zilitengenezwa pinde. Ivan wa kike ni Ivana. Jack na Jacques vilevile: Jacques wa Kifaransa ni Yakobo, lakini Jack wa Kiingereza alitokana na John kupitia Jankin, yaani “John mdogo”.

Fika kwenye chanzo, ulivunje jina

Kwa majina ya Biblia, chanzo kiko karibu kuliko unavyodhani. Fungua Yeremia 40 katika Biblia ya Kiswahili ya Union utamkuta Yohanani mwana wa Karea. Huyo amevaa umbo la Kiebrania, Yohanan. Nenda Agano Jipya utamkuta Yohana, ambaye amepita Ugiriki kwanza. Jina ni lilelile, njia mbili, na zote ziko ndani ya jalada moja.

Yohanan ina vipande viwili. Yo- ni ufupisho wa jina la Mungu, Yahwe. Hanan ni kitenzi, “ameneemesha, ametenda fadhili”, kwenye mzizi wa konsonanti tatu: h nzito ya kooni, n, n. Basi maana ni sentensi: Yahwe ameneemesha.

Ukishaushika mzizi, jaribu kuuona mahali pengine. Hiki ndicho kipimo bora cha kujua umeushika sawasawa. Hana mama yake Samweli ni mzizi huohuo. Hanania, mwenzake Danieli, ni vipande vilevile vya Yohanan vilivyogeuzwa: hanan mbele, Yah nyuma. Hata Hannibal, jemadari wa Karthago, ana hanan ndani yake, ila mwenye fadhili kwake ni Baali, kwa sababu Kikarthago kilikuwa ndugu wa Kiebrania. Mzizi unaoonekana kwenye majina manne yanayojitegemea si wa kubahatisha.

Kwenye Kiarabu twende taratibu. Wakristo Waarabu husema Yuhanna, umbo linaloifuata njia ya Kiebrania. Qurani inasema Yahya, na kwa Kiarabu umbo hilo linasomeka “anaishi”. Nabii ni mmoja, lakini umbo lina usomaji wake, kwa hiyo usimwandikie mtu anayeitwa Yahya maana ya Yohanan kana kwamba ni nakala. Inapendeza kujua kwamba katika Sura Maryam, aya ya 13, Yahya anasifiwa kuwa amepewa hanan kutoka kwa Mungu, neno ambalo hufasiriwa huruma au upole. Mzizi ule upo palepale kando ya jina.

Fuata sauti mpakani

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo unapopaswa kukaa muda mrefu. Kila lugha hupokea jina kwa sauti ilizonazo, na isizokuwa nazo huzibadilisha kwa utaratibu, wala si ovyo. Kanuni ni hii: ukidai umbo moja limezaa jingine, taja kilichobadilika na sababu yake. Ukishindwa, simama.

Kigiriki hakikuwa na h nzito ya kooni wala herufi ya kuiandika katikati ya neno. Kiliidondosha, kikaongeza mwisho wa -es ili jina liweze kunyambuliwa kama majina yake mengine: Ioannes. Kilatini kikalipokea, na baadaye waandishi wakairudisha h kwenye maandishi: Iohannes. Ndiyo maana John wa Kiingereza ana h isiyotamkwa. Ni herufi ya kalamu tu, kumbukumbu ya Kilatini.

Sauti ya kwanza ilikuwa kama y ya “yai”. Wajerumani, Waskandinavia na Wapoland wameibakiza hivyo ingawa wanaandika j: Johann, Jens na Jan hutamkwa kwa y. Kwa Waitaliano ikakaza ikawa kama j ya “jembe”, wakaiandika gi: Giovanni. Kifaransa cha kale nacho kilisema Jehan kwa j ya “jembe”, na Wanormani, watu wa Normandia kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na sauti hiyo. Waingereza wakaitunza mpaka leo, huku Wafaransa wenyewe wakiilainisha. Wahispania wakaipeleka kooni, na sasa Juan huanza kwa kh ya “kheri”. Kwa jina lolote lenye j mwanzoni, kwanza uliza j hiyo hutamkwaje.

Angalia sasa v ya Ivan na ya Giovanni. Haimo kwenye Kiebrania, Kigiriki wala Kilatini. Imetoka wapi? Ioannes ina irabu tatu mfululizo, i-o-a, na ulimi unapotoka kwenye o kwenda a, midomo iliyoviringwa huachia sauti kama w. Sema “i-o-a” haraka mara kumi utaisikia mwenyewe. Waitaliano na Waslavi, kila mmoja kwake, waliikaza w hiyo ikawa v: Giovanni, Ivan, Jovan wa Serbia. Kanisa la Kirusi limebakiza Ioann kwa maandishi ya ibada, ndiyo maana jina la mtu mmoja wa Urusi unaweza kulikuta kwa maumbo mawili.

Ureno n ya mwisho iliyeyuka, sauti ikapitia puani: João. Alama iliyo juu ya a ni kumbukumbu ya n hiyo.

Hans ametokea kwa mkazo. Johannes ya Kijerumani hukazwa kwenye -han-, na silabi isiyokazwa hupotea kwanza. Likitoka Jo- na mwisho ukibanwa, unabaki na Hans. Hannu wa Finland amepita njia hiyohiyo. Kwa hiyo unapokutana na kifupisho, tafuta kwanza silabi yenye mkazo katika umbo refu. Kifupisho kisichokuwa na silabi hiyo kinahitaji ushahidi wa ziada.

Lugha moja inaweza kulipokea jina mara mbili. Ireland walilipata kwanza kwa Kilatini cha kanisa, likawa Eoin. Wanormani walipofika mwaka 1169 wakaja na Jehan. Kiayalandi hakikuwa na j hiyo, kikachukua sauti ya karibu, sh, ikawa Seán. Wales ni hivyohivyo: Ieuan na Ifan kwa njia ya zamani, Siôn kwa njia ya pili. Usijilazimishe kumtoa Seán kwa Eoin. Ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Soma daftari la ubatizo bila kudanganyika

Uingereza iliamuru parokia kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, na Kanisa Katoliki likaagiza madaftari ya ubatizo na ndoa katika Mtaguso wa Trento, uliomalizika 1563. Ya Wakatoliki mengi yameandikwa kwa Kilatini, hata kijiji kizima kikiwa hakisemi Kilatini. Aliyeitwa Jan na mama yake ataandikwa Joannes, na wa kijiji cha pili aitwaye Giovanni vilevile.

Chukua mstari kama huu: *baptizatus est Joannes, filius Joannis et Annae*. Maana yake: amebatizwa Yohana, mwana wa Yohana na Ana. Anayeanza husoma Joannes na Joannis akadhani ni majina mawili. Ni moja, Joannis ni umbo la umiliki, “wa Yohana”. Utakutana pia na Joannem, na Joanne baada ya maneno kama *ex* au *cum*, na huyo Joanne si mwanamke. Mwanamke ni Joanna, na kwa umbo la umiliki anakuwa Joannae. Makarani walipobana nafasi waliandika Joes au Jois na kuchora mstari juu yake. Mstari huo ndio unaosema kuna herufi zilizoachwa, kwa hiyo kuza picha uangalie kabla ya kunakili.

Kwenye kadi yako nakili kilichoandikwa kama kilivyo, kisha pembeni uandike umbo unalodhani lilitamkwa nyumbani. Ukiandika moja tu, baada ya mwezi hutajua ni lipi ulilolisoma na lipi ulilokisia.

Tarehe nayo husaidia. Tarehe 24 Juni ni sikukuu ya kuzaliwa Yohana Mbatizaji, 27 Desemba ni ya Yohana Mtume. Mtoto aliyezaliwa siku hizo anaweza kuwa amepewa jina la siku, kama huku kwetu Juma, wala si la babu. Finland sikukuu ya katikati ya kiangazi inaitwa Juhannus, na Latvia Jāņi, zote kwa jina lake.

Wajerumani wenye Johann mbele

Hili lina kanuni yake ya matumizi. Karne ya 17 na 18 Wajerumani Waprotestanti walizoea kumbatiza mtoto Johann kisha jina la pili, na hilo la pili ndilo aliloitwa. Johann Sebastian Bach alikuwa mtoto wa Johann Ambrosius, na kaka zake waliitwa Johann Christoph na Johann Jacob. Ukimtafuta mtu wa namna hiyo kwa jina la Johann utazama. Mtafute kwa la pili. Umbo refu, Johannes, kwa kawaida lilikuwa la kuitwa lenyewe.

Rabai, karibu na Mombasa, utaliona jambo hilo waziwazi. Wamisionari wawili wa Kijerumani walifanya kazi pale: Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, na Johannes Rebmann, aliyemfuata 1846. Krapf kwa Kiingereza aliandikwa J. Lewis Krapf, Johann ikabaki herufi moja tu, kwa sababu Ludwig ndilo lililokuwa jina lake hasa. Rebmann alibaki Johannes.

Mombasa ileile ina mfano wa pili. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na mhandisi wa Kiitaliano aliyewatumikia Wareno. Kwao Milano ni Giovanni Battista Cairati. Kwenye maandishi ya Kireno ni João Baptista Cairato. Mtafiti anayetafuta umbo moja atapata nusu ya nyaraka. Orodhesha maumbo ya kila lugha ambayo mtu huyo alifanyia kazi, uyatafute yote.

Majina ya ukoo

Tafuta kiambishi cha “mwana wa”, kinachofanya kazi ya bin yetu. Kwa Kiingereza -son au -s: Johnson, Jones, na kutoka Wales Evans. Kidenmaki Jensen na Hansen, Kiswidi Johansson, Kiholanzi Jansen, Kirusi Ivanov, Kiserbia Jovanović, Kiromania Ionescu, Kigiriki Giannopoulos. Wahispania wana Ibáñez na Yáñez, na Wareno Eanes, kama baharia Gil Eanes aliyeipita rasi ya Bojador mwaka 1434.

Iceland ni tofauti: Jónsson bado ni “mwana wa Jón” kwa maana halisi, na dada yake ni Jónsdóttir. Ukilichukulia kama jina la ukoo utaunganisha watu wasio ndugu.

Orodha za maana unazokuta mtandaoni

Orodha nyingi hukupa “Evan: shujaa kijana”. Evan ni Ifan wa Wales, Yohana. Ujana umeingia kwa sababu neno la Kiwelisi la “-changa, kijana” ni *ieuanc*, linalofanana na Ieuan. Kufanana si uzazi. Jonathan naye huunganishwa na John kwa sababu ya kifupisho Jon, lakini Yehonatan ni “Yahwe ametoa”, kitenzi kingine kabisa.

Kila maana unayopewa, idai vitu vitatu: lugha ya chanzo, vipande vya neno, na umbo la kale lenye mwaka au karne. Ikikosa kimoja, iweke kando. Sifa tupu kama “jasiri”, “mwenye mvuto”, “kiongozi” hazina lugha wala vipande, zimetungwa. Kwenye kamusi nzuri za asili ya maneno, umbo lenye nyota mbele halijaonekana popote kwenye maandishi, limejengwa na wataalamu kwa hesabu ya sauti. Linakili pamoja na nyota yake.

Usichanganye pia maana na sababu. Mzazi wa Warszawa aliyemwita mwanawe Jan hakuwa anasema “Yahwe ameneemesha”. Huenda alikuwa anamkumbuka babu, au mtakatifu wa parokia. Ziandike sehemu mbili tofauti.

Kadi iliyokamilika inavyoonekana

Jina: Seán, mwanamume, Ireland. Matamshi: Shoon, o ndefu. Tabaka: Kiebrania, kupitia kanisa na Wanormani. Njia: Yohanan kwa Kiebrania, Ioannes kwa Kigiriki, h imeanguka, -es imeongezwa, Iohannes kwa Kilatini, h imerudi kwa kalamu, Jehan kwa Kifaransa cha Wanormani, y imekuwa j, Seán baada ya 1169, j imekuwa sh kwa kukosa j. Maana ya chanzo: Yahwe ameneemesha. Ndugu wa nchi hiyohiyo: Eoin. Wa kike: Siobhán, kutoka Jehanne kwa njia hiyohiyo ya Wanormani. Sababu ya kupewa: acha wazi mpaka umuulize mwenye jina au wazee wake.